Dalili ya Mto

Alhamisi, 28 Machi. Mikumi.

Daftari hili lilikuwa la Jiografia la binti yetu Upendo, kaandika kurasa nne kisha kahamia bweni na daftari jipya. Leo asubuhi mke wangu Angela kanipa pamoja na kalamu. Kasema, "Baba Upendo, siku kumi na moja unailaumu mvua masikioni mwangu. Ilaumu humu." Basi nailaumu humu.

Mimi ni dereva. Miaka kumi na tisa naendesha Koasta, Mikumi–Kilosa, Kilosa–Mikumi, na hakuna shimo kwenye barabara ile nisilolifahamu. Tangu Mto Miyombo ulipokula tuta la daraja, gari liko uani na kuku wameanza kutaga chini ya siti ya nyuma. Mvua gani hii! Hainyeshi, inamwagwa.

Ijumaa, 29 Machi.

Mvua.

Jumamosi, 30 Machi.

Mvua. Mayai mawili chini ya siti.

Jumatatu, 1 Aprili.

Madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya hapa Mikumi, Jumatatu tarehe 22. Siku moja ya kupasua, siku ya pili ya kufungua bandeji, wanaondoka mpaka mwakani. Nilipoona tangazo nilidhani ni utani wa sikukuu ya wajinga. Angela kaenda kuuliza mwenyewe, karudi kalowa chapachapa. Ni kweli. Wanapasua mtoto wa jicho.

Mama yangu, Lea, yuko Kidete, kule reli inakoandamana na Mto Mkondoa kupandia Dodoma. Yeye anasema ana miaka sabini na minane, cheti cha ubatizo kinasema themanini na mmoja. Macho yake yote mawili yamefunga, mwaka wa nne huu. Mwaka juzi nilisema nitamleta, gia ikafa. Mwaka jana nilisema nitamleta, nikapata abiria wa harusi. Naandika haya kwa sababu Angela amenikumbusha, na kwa sababu nimeona aibu.

Nimempigia simu. "Mwaka huu nakuja, mama."

"Njoo kwa miguu," kasema. "Nasikia gari lako siku hizi linalea kuku."

Angela na mdomo wake! Lakini kweli itabidi miguu. Barabara imekatika, treni hazipiti, tuta limeliwa na maji sehemu kadhaa. Kwenda Kilosa kilomita sabini na kitu, Kilosa hadi Kidete siku mbili kwa mguu, halafu nirudi njia hiyohiyo na kikongwe asiyeona, kabla ya tarehe 22. Nikichelewa hata siku moja, ni mwaka mwingine wa giza, na miaka yake hiyo mtu hapewi ahadi ya mwakani.

Jumapili, 7 Aprili.

Kesho safari. Konda wangu Hussein tunakwenda wote mpaka Kilosa, ndiko kwao, anataka Idi imkute kwa mama yake. Amefunga. Nimemwambia kutembea na swaumu kwenye tope lile ni wazimu. Kanijibu, "Suka," ndivyo makonda wanavyotuita madereva, "mimi nimefunga kula. Wewe umefunga akili."

Huyu nitamfukuza kazi barabara ikifunguka.

Jumatatu, 8 Aprili. Kijiji cha Ulaya.

Naandika nikiwa nimechoka mpaka kucha, lakini hili nisipoliandika leo kesho nitadhani niliota.

Nyumba za mwisho za Mikumi zilipoishia tuliwakuta tembo. Kumi na mmoja, katikati ya barabara yangu. Nikiwa kwenye gari huwa napiga honi, au napisha huku natukana. Leo sina honi. Tukajibanza nyuma ya kichuguu, mvua inatupiga. Nao walikuwa wamesimama tu. Maji yalikuwa yanateremka kwa mistari juu ya ngozi zao, na wala hawakuonekana kusumbuka. Mtoto mmoja alikuwa ameingia chini ya tumbo la mama yake, na pale aliposimama palikuwa pakavu. Naapa. Nchi nzima imelowa tangu Machi, na pale chini ya yule mama kuna kiduara cha vumbi kavu, mtoto anakichezea kwa mkonga.

Hussein kanong'ona, "Subhanallah." Miaka kumi na tisa napita hapa.

Walipoondoka tulifuata nyayo zao. Zilikuwa zimejaa maji, na ndani ya zile za zamani mlikuwa na viluwiluwi. Nilichuchumaa nikawatazama mpaka Hussein akauliza kama nimedondosha kitu.

Bodaboda ilituchukua kipande, ikazama, tukaisukuma, ikazama tena, tukaiacha.

Jumanne, 9 Aprili. Kilosa.

Miyombo. Penye daraja langu pana mto mpana, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya huku tulimkuta mfugaji mmoja wa Kimasai na ng'ombe wake na punda wawili, anaitwa Lemayani. Namfahamu sana. Ni yule ambaye ng'ombe wake wamenikalia barabarani kila wiki, na nimemtolea kichwa dirishani nikamwambia maneno ambayo siandiki kwenye daftari la mwanangu. Kanyoosha fimbo upande wa juu. "Vuka kule. Hapa shimo."

Nikamwambia barabara hii naijua kuliko wewe.

Maji yalinifika kifuani. Hussein kanivuta kwa shati. Nilitoka na kiatu kimoja. Lemayani hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Alivusha ng'ombe wake kule juu alikosema, maji yakaishia magotini.

Jioni tulipoingia Kilosa watu walikuwa uwanjani wanatazama juu. Mawingu yalifunguka kidogo, mwezi ukaonekana mwembamba kabisa, na watu wote wakapiga kelele kwa pamoja. Hussein alilia. Mimi Mwanglikana wa Kidete, na mwili ulinisisimka.

Jumatano, 10 Aprili.

Idi. Pilau la mama yake Hussein. Mguu wa kushoto una buti, wa kulia una kandambili. Maduka yamefungwa.

Ijumaa, 12 Aprili. Kidete.

Siku mbili juu ya reli, peke yangu. Ukitembea kwenye mataruma yaliyobeba reli huwezi kwenda hatua yako, unakwenda hatua yao, fupi sana kwa mtu mzima na ndefu sana ukiruka moja. Upande mmoja Mkondoa inanguruma, upande mwingine milima. Milima imetoboka! Maji yanatoka kila mahali, yanaanguka meupe kutoka juu ambako sijawahi kujua kama kuna kitu. Nilihesabu maporomoko ishirini na mawili nikaacha kuhesabu. Mahali pengine tuta limesombwa na reli zimebaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na mtu unashuka chini, unapita kwenye mchanga, unapanda tena.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nilikuwa bado niko mbali alipopaza sauti, "Mbona hatua zako hazifanani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kiatu kimoja kiko wapi?"

Jumamosi, 13 Aprili.

Baba yangu, Tomasi, alikuwa mkagua njia wa reli. Miaka thelathini alitembea na nyundo na spana, kila masika anaangalia tuta lisiliwe. Alipofariki aliomba azikwe kwenye kona ya shamba letu, kati ya reli na mto, asikie treni. Tulimwekea msalaba wa kipande cha reli.

Leo jirani yetu Amon kanichukua tukaenda shambani. Tumefika kwenye kona. Kona haipo. Mto umehama, unapita pale pale, mwekundu, unakwenda kwa kasi na wala hauna habari. Nilisimama nikitafuta hata kipande cha ule msalaba. Ng'ambo kabisa kulikuwa na korongo wawili wanaokota vyura.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili ya Machi."

"Na mama?"

Amon akainamisha kichwa. "Hatujamwambia. Habari kama hii ina mdomo wake, Evarist, na mdomo ni wewe. Sisi majirani tukimwambia wakati mtoto yupo, tutakuwa tumemvua nguo mtoto huyo."

Kweli ndivyo ilivyo kwetu. Basi nikarudi nyumbani na mdomo wangu.

"Umepita kwa baba yako?" mama kauliza.

"Nimepita."

"Msalaba umesimama?"

Niliangalia yale macho yake meupe. Nikasema, "Umesimama, mama."

"Na majani?"

"Tumepalilia na Amon."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua maharage kwa vidole. Mungu anisamehe. Sasa tarehe 22 naiogopa mara mbili. Naogopa tusifike, na naogopa tufike.

Jumapili, 14 Aprili.

Mama kagoma kuondoka bila ibada. Aliimba sauti ya kwanza peke yake, wengine wote wanamfuata. Mvua ilipiga bati mpaka mchungaji akakaa chini kusubiri.

Jumatatu, 15 Aprili. Njiani.

Nilidhani nitambeba. Nilikuwa nimetayarisha hata kanga ya kumfungia mgongoni. Yeye kaweka fimbo yake juu ya reli, kakanyaga taruma la kwanza mbele ya stesheni na kuanza: "Moja. Mbili. Tatu."

"Mama, unahesabu nini?"

"Usinikatishe. Mpaka kalavati la kwanza ni elfu moja mia mbili na sita."

Nilimwacha apite mbele, nacheka moyoni. Alipofika elfu moja mia mbili na sita alisimama na fimbo ikagonga zege la kalavati. Sikucheka tena.

Alikuwa akimpelekea baba chakula kazini, kaniambia, kila siku, mtoto mgongoni. Akihesabu kwa sauti ili mtoto alale. Mtoto ni mimi. Mataruma yamebadilishwa mara mbili tangu hapo, hesabu haikubadilika.

Kila baada ya muda anasimama. "Unaona nini?"

"Njia."

"Njia nayo ni kitu cha kuona? Wewe una macho mawili mazima unaniambia njia!"

Basi nikaanza kumwambia. Mwanzoni kama anayesoma risiti: mlima, mti, mlima. Kisha nikamwambia kuna mlima umefungwa kitambaa cha wingu kiunoni, na kichwa chake kiko juani. Kuna vipepeo wengi, manjano, wametua kwenye kinyesi cha ng'ombe mpaka kinyesi hakionekani. Kuna buibui katandaza utando kati ya reli na reli na una matone, sitaki kuupita. "Usiupite," kasema, "ruka." Tukaruka, yeye na miaka yake themanini na mmoja.

Jumanne, 16 Aprili.

Leo mama yangu ameniokoa. Nitaandika taratibu.

Asubuhi kulikucha kweupe. Siku ya kwanza bila mvua tangu sijui lini, mbingu ya bluu, jua linawaka, kila jani linametameta. Tulifika pale reli zinaponing'inia. Chini kuna mchanga na kijito cha maji, kimefika kifundo cha mguu. Nikasema hapa nakubeba, mama, dakika mbili tuko ng'ambo.

Akasimama kwenye ukingo. Akainua pua. "Subiri."

"Tusubiri nini?"

"Maji yananuka Ugogo."

Nilinusa. Yalinuka maji. "Mama, mbingu nyeupe pee. Hakuna hata wingu la dawa. Si mnasema wenyewe, dalili ya mvua ni mawingu?"

"Hiyo ni dalili ya mvua," kasema. "Mimi nakwambia habari ya mto. Mto huu haunyeshewi hapa, unanyeshewa kule juu Ugogo, Mpwapwa na kwingine. Mchanga wa kwao una harufu yake." Akakaa kitako juu ya taruma, akatoa kikopo cha ugoro.

Nilikasirika jamani, siwezi kuficha. Siku sita zimebaki. Nimetembea na buti moja na ndala kutoka Kilosa, jua limetoka, njia ipo wazi, na mtu asiyeona ananikataza kuvuka maji ya kufulia. Nilisema maneno. Nilisema kwamba mimi ndiye dereva. Yeye akapiga chafya mbili, akafuta pua.

"Kama wewe ni dereva," kasema, "egesha."

Nikashuka peke yangu, nimwonyeshe. Nilipofika katikati nikasikia vyura wamenyamaza. Sijui niseme vipi. Walikuwa wanalia tangu asubuhi na sikuwa nawasikia, mpaka waliponyamaza. Kisha povu likaja juu ya maji, povu la kahawia, linatangulia taratibu na vijiti ndani yake.

"Evarist!" Mama hajaniita kwa jina tangu nioe.

Nilikimbia. Nilipanda lile tuta kwa mikono na miguu, ndala ikabaki chini, na nilipogeuka mto ulikuwa umefika.

"Niambie," kasema mama.

"Mama, siwezi."

"Dereva mzima huna maneno? Niambie!"

Nikamwambia. Nilisimama nimemshika bega, nikamwambia. Maji yamekuja yamesimama, mama, yana kimo cha mtu, mekundu. Yamebeba mti mzima, una majani mabichi na kiota. Umejigeuza, mizizi imetazama juu. Linapita lango la zizi. Linapita dumu la njano. Anapita nyoka, kajikunja juu ya gogo, katulia tuli, anatutazama. Jua linawaka, mama, hakuna hata tone, na ile mbingu ya bluu imo yote ndani ya maji mekundu. Mahali niliposimama mimi hapapo.

"Unaogopa?" kaniuliza.

"Ndiyo. Lakini sitaki kuacha kutazama."

"Ehe," kasema. "Hapo sasa umeanza kuona." Akanishika mkono, akaushikilia, na nikagundua nalia kama mtoto. Baba alitembea ukingoni mwa kitu hiki miaka thelathini, na sisi tukila ugali wake hatukumwuliza hata siku moja umeona nini huko.

Ilikuwa nafasi ya kumwambia habari ya kaburi. Mto wenyewe ulikuwa mbele yetu. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama ana njaa.

Jumatano, 17 Aprili.

Tumezungukia njia ya mlimani. Mvua imerudi. Nimembeba nusu siku, bado anahesabu, sasa hatua zangu.

Alhamisi, 18 Aprili. Kilosa.

Hussein alitungoja mwisho wa mji na bodaboda ya shemeji yake na viatu vya shemeji yake, namba kubwa. "Suka, umekonda! Bibi, shikamoo, huyu hakukusumbua?" Mama kamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Alitaka kuvuka mto, nikamwambia aegeshe." Hussein amecheka mpaka kakaa chini. Sasa kila nikisema neno ananiambia niegeshe.

Katika viatu vya shemeji nahitaji kimoja tu. Cha kulia hakinibani, kinanitoka. Nimevaa buti langu na kiatu chake cha kulia nimekijaza gazeti.

Ijumaa, 19 Aprili.

Miyombo umejaa. Tumelala kwa wasamaria, bado upande wa Kilosa. Zimebaki siku tatu.

Jumamosi, 20 Aprili.

Umejaa bado. Mchana alitokea Lemayani na punda wake. Nilimeza aibu yangu, nikamfuata.

"Ndugu, siku ile nilikukosea. Na siku nyingine zote. Nionyeshe pa kuvuka. Nina mama."

Akamtazama mama. Akaenda mbele yake akainamisha kichwa, na mama, sijui alijuaje, akanyoosha mkono akakiweka juu ya kile kichwa. Lemayani kasema, "Leo hapana. Kesho asubuhi, ng'ombe wakikubali. Wakikataa, hapana." Jioni alituletea maziwa.

Miaka yote nilikuwa nadhani ng'ombe wale wananikalia barabarani kwa sababu ya ujinga.

Jumapili, 21 Aprili. Mikumi.

Ng'ombe wamekubali! Alianza jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika, akanusa, akaingia, wengine wakafuata. Mama alipandishwa juu ya punda, Lemayani kamshika mguu huku na mimi kule, na maji yakapita chini ya tumbo la punda kwa kelele. Mama alikuwa anaimba. Katikati ya mto kaniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia, naona bega la Lemayani lina shuka jekundu, na ng'ombe sitini wameinua vichwa, na pembe zao zote zimeelekea upande mmoja.

Nimemwambia pia habari ya tembo na kile kiduara kikavu. "Hicho ningependa kukiona," kasema. Kisha kasema, "Nikipona, kitu cha kwanza unipeleke kwa Tomasi."

Ng'ambo tulipata bodaboda, mara tunapanda, mara tunaisukuma, tumefika jioni. Angela kamwogesha. Mimi nimekaa kwenye Koasta na kuku.

Jumatatu, 22 Aprili.

Mama ni jina la saba kwenye orodha. Wamepasua jicho la kulia. Alitoka na bandeji, anadai daktari ana mikono ya baridi. Nesi kasema atalala hapo, kesho saa tatu watafungua.

Jumanne, 23 Aprili.

Nilifika saa mbili. Sikutaka aone uso wangu kwanza kisha asikie. Nilitaka asikie kwanza.

Alikuwa amekaa kitandani, dirisha liko wazi kidogo, mvua nje. Nikapiga magoti kwenye sakafu.

"Mama, nilikudanganya. Kaburi la baba halipo. Mto umelichukua, na msalaba, na kona yote. Niliogopa."

Mikono yake ilikuwa mapajani. Haikusogea.

"Najua," kasema.

"Nani alikuambia?"

"Mto. Tangu niolewe pale, nikikaa mlangoni mto unanguruma mkono wangu wa kulia. Wiki ile ya Machi ukaanza kunguruma mbele yangu, pale alipolala. Nilimlilia siku hiyohiyo, ndani, kwa sauti ndogo. Majirani walikuwa wananinyamazia, masikini, wanamngoja mtoto. Nami nikawanyamazia, wasije wakaona haya."

"Na mimi ulininyamazia."

"Wewe nilikuwa nakungoja." Akanitafuta kichwa kwa mkono. "Uliniambia utando wa buibui, ukaniambia mpaka nyoka kwenye gogo. Nikasema, huyu atafika. Umechelewa kidogo, lakini barabara ni mbaya."

Nesi akaingia. Nikainuka, nikasogea mpaka mlangoni nimpishe. Akafungua bandeji pole pole, akasafisha jicho kwa pamba, akamwambia afumbue. Mama akafumbua. Alitazama dirishani kwanza, kwenye mvua, na mdomo wake ukabaki wazi. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Halafu akageuka upande wangu, akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Unaona nini, mama?"

"Fumba macho," kasema.

"Mama?"

"Fumba, nimesema. Umenisimulia safari nzima. Leo zamu yangu."

Nikafumba.

"Kuna mvua," kasema, taratibu. "Kila tone liko peke yake, sikukumbuka kama mvua iko hivyo. Kuna ukuta wa bluu umebanduka rangi. Kuna nesi mzuri, anacheka. Kuna mlango, na mlangoni kamesimama kazee kana mvi, viatu vyake havifanani, kanalia." Nilisikia anavuta pumzi.

"Ni Tomasi mtupu," kasema. "Hajaenda mahali."

Sikufumbua macho mpaka aliponiruhusu.